KNCU haikuwa chama cha wafanyakazi

Kila Mei Mosi inapokaribia, Moshi na Arusha hurudia kauli ileile: kwamba harakati za wafanyakazi wa Kaskazini zilizaliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Mwaka 2024, sherehe za kitaifa zilipofanyika Arusha, niliisikia tena na tena, na tangu hapo imenifuata katika karibu kila semina ninayoendesha kwa viongozi wa matawi. Kazi yangu ni kuwafundisha viongozi hao sheria za kazi na historia ya vyama vyao, kwa hiyo naona kila siku madhara ya kuchanganya ushirika na chama cha wafanyakazi. Safari hii naandika, kwa sababu kulieleza upya jambo hili kwa mdomo kumenichosha.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, na Joseph Merinyo akawa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Walowezi walikuwa wakishinikiza Mwafrika azuiwe kulima kahawa aina ya arabika, na chama hicho kilisimama kuutetea mche wa mkulima mdogo. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, iliyoandikishwa chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Wanachama wake walikuwa wenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachagga, na walichokigombea kilikuwa haki ya kulima, soko na bei. Hata ghasia za mwaka 1937, wakulima walipokasirikia kulazimishwa kuuza kupitia chama, zilikuwa ugomvi wa muuzaji na chombo chake cha kuuzia. Mshahara haukuwamo.

Ni mwaka uleule wa 1932 serikali ya kikoloni ilipotunga pia sheria ya vyama vya wafanyakazi. Sheria mbili, serikali moja, mwaka mmoja. Ile ya ushirika ilipewa maofisa, meneja na msukumo wa mkuu wa wilaya. Ile ya wafanyakazi ilikaa miaka mingi bila kutumika sana, kwa kuwa hakuna mkoloni aliyekuwa na haja ya kumfundisha kibarua namna ya kuungana. Anayesema kwamba vyama hivi vina chimbuko moja aanze kwa kunieleza kwa nini dola ile ile ilikilea kimoja na kukitilia shaka kingine.

Sasa niingie kwenye sehemu inayoniudhi zaidi, kwa sababu ndiyo yenye ukweli mwingi uliopinda. Wanaoitetea kauli ile huniambia kwamba KNCU ilimkomboa mfanyakazi. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Walowezi waliichukia kahawa ya Mwafrika kwa madai ya magonjwa ya mimea na wizi, lakini chini ya madai hayo kulikuwa na hofu ya kukosa vibarua: mtu mwenye miche inayozaa nyuma ya nyumba yake hana sababu ya kuamka alfajiri kwenda kuomba kazi shambani kwa mlowezi. Kahawa ya kihamba ilimwezesha Mchagga kulipa kodi, kusomesha mtoto na kukataa ujira mdogo. Kwa maana hiyo KNCU ina nafasi kubwa katika historia ya kazi ya mkoa huu, na ningependa ifundishwe hivyo, kwa kina. Lakini nafasi hiyo ni ya chombo kilichowawezesha watu kuikwepa kazi ya ujira. Chama cha wafanyakazi ni cha wale ambao hawakuweza kuikwepa.

Na hao walikuwapo. Mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na miwa hayakusimama kwa kukosa Wachagga. Yalitafuta watu mbali zaidi, wengi wao kutoka Kondoa na Singida. Kwenye mkonge waliitwa manamba, wakaandikishwa na wakala wa waajiri na kusafirishwa kwa mkataba. Walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi iliyopaswa kujazwa siku 30 za kazi kabla mshahara haujatoka, na siku ambayo msimamizi hakuridhika nayo haikujazwa. Mtu huyo hakuwa na kihamba hapa, hakuwa na kahawa ya kupeleka mizanini, na wala hakuna chama cha msingi cha ushirika ambacho kingemkubali kuwa mwanachama. Bei ya kahawa ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, wenye vihamba wengi nao waliajiri vibarua wa kuchuma na kupalilia. Tukisema KNCU ilikuwa chama cha wafanyakazi, tunamwambia kibarua huyo kwamba mwajiri wake ndiye aliyekuwa mwakilishi wake.

Wapo wanaoona kwamba nakaza mno, kwa kuwa mtu mmoja aliweza kuwa na ekari moja ya kahawa na papo hapo kuwa karani mjini au kibarua wa msimu. Ni kweli, na kwa mtu huyo mpaka ninaouchora unapita katikati ya maisha yake. Lakini vyombo havikuwa na utata huo. Ushirika wenyewe ni mwajiri: una makarani wa mizani, madereva, walinzi, wahasibu. Wakidai nyongeza ya mshahara, fedha hiyo inatoka katika kile ambacho mkulima angepata kama malipo ya pili, yaani nyongeza inayotolewa baada ya kahawa kuuzwa. Hakuna kiongozi, hata awe mwadilifu kiasi gani, anayeweza kukaa pande zote mbili za meza hiyo.

Kama tunatafuta mahali ambapo vibarua na makuli walijifunza kujipanga, mimi ningetazama kwanza vyama vya kufa na kuzikana. Mchagga huzikwa kihambani kwao; mgeni aliyefia mjini au kambini hakuwa na kihamba, na mara nyingi hakuwa na ndugu wa karibu wa kumwosha, kununua sanda au kupeleka habari nyumbani. Watu wa asili moja walichanga kila mwezi, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakaweka daftari, wakamtoza faini asiyehudhuria msiba. Ukilisoma vizuri daftari la namna hiyo unaona mambo yote yanayohitajika katika tawi la chama cha wafanyakazi: michango, orodha, mahudhurio, na aibu kwa anayekwepa wajibu.

Hapa nina mashaka ambayo vitabu vya kiada huyapitia haraka. Vyama hivyo viliundwa kwa kabila. Wanyiramba walichanga peke yao, Warangi peke yao, Wapare peke yao, ilhali wote waliamka kwa kengele moja na kulipwa na karani mmoja. Kuna nyakati naamini kwamba bila nidhamu ile ya msibani kusingekuwa na mgomo wowote uliodumu zaidi ya siku moja. Kuna nyakati nyingine naona kwamba kumzika mtu wa kwenu tu kulimfanya kibarua amwone mwenzake wa mstari wa pili kuwa mgeni, na mwajiri akafaidika. Sijauamua ubishi huo, na nadhani mambo yote mawili yalikwenda pamoja.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa kuwa yanajulikana. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa kwa wafanyakazi wengine hadi bara. Chama cha makuli kilivunjwa baada ya mgomo wa 1950. Oktoba 1955 likaundwa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Baada ya uasi wa jeshi wa Januari 1964, TFL ilivunjwa na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ikaundwa kwa sheria, huku Michael Kamaliza akiwa katibu mkuu wake na waziri wa kazi kwa wakati mmoja. Mwaka 1978 nafasi ya NUTA ikachukuliwa na JUWATA.

Na nadhani hapo ndipo kosa letu lilipoota mizizi. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, na KNCU ilirudi mwaka 1984. Katika miaka hiyo ya 1980, JUWATA na Washirika, chombo cha vyama vya ushirika, zote zilikuwa jumuiya za CCM, zikipanda jukwaa moja na kupokea maelekezo kutoka sehemu moja. Aliyekulia wakati huo aliona mkulima na mfanyakazi wakiwa chini ya mwavuli mmoja, akadhani wamekuwa hivyo tangu awali.

Kosa hili lina gharama leo. Huja kwangu wafanyakazi wa mashamba ya kahawa na maua walioachishwa kazi, ambao kwanza walimwendea mwenyekiti wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ya kata yao. Mwenyekiti aliwasikiliza kwa heshima, akaahidi kuzungumza na mwenye shamba, na wiki zikapita. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali linapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Anayechelewa lazima kwanza aombe kusamehewa ucheleweshaji, na si kila ombi hukubaliwa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama, na chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kina haki ya kutambuliwa na kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri. AMCOS haina haki hiyo, kwa sababu iko chini ya sheria ya ushirika na Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika.

Kwa hiyo mwenye malalamiko ya malipo ya pili ya kahawa aende ushirika, na mwenye malalamiko ya mshahara, likizo au kufukuzwa aende kwa chama chake cha wafanyakazi na Tume. Na wewe uliyeajiriwa na AMCOS yenyewe, kama karani wa mizani au mlinzi wa ghala, njia yako ni hii ya pili, hata kama mwenyekiti ni mjomba wako.