Ameogelea akaenda zake: tunayoyaamini kuhusu kumshika, kumpima na kumpiga picha besi

Besi mdomo mpana, samaki wa asili ya maziwa na mito ya Amerika Kaskazini, huenda ndiye samaki anayerudishwa majini kwa makusudi kuliko wengi wengine. Mwaka 1972 Ray Scott, mwanzilishi wa B.A.S.S., chama cha wavuvi wa besi kinachoandaa mashindano nchini Marekani, alianza kuwahimiza washindani wasiwaue samaki wao, na tangu hapo desturi imesambaa. Nia ni njema. Ila imezungukwa na imani kadhaa zisizo za kweli, na karibu zote zinahusu ile dakika moja samaki akiwa mikononi.

"Akiondoka kwa kasi, huyo mzima."

Hii ndiyo mama wa dhana zote, kwa kuwa inazihalalisha nyingine. Besi aliyevutana na mshipi ana misuli iliyojaa asidi ya laktiki na damu iliyopungukiwa oksijeni, lakini bado anaweza kupiga mkia mara tatu akatoweka. Kama atakufa, atakufa saa au siku kadhaa baadaye, chini kabisa, pasipo shahidi. Ukungu unaoota mahali ute ulipofutika nao hauonekani siku ya kwanza. Watafiti waliowaweka samaki wa mashindano kwenye vizimba baada ya kupimwa waliona hivyo: wengine walioachiliwa wakiwa na nguvu walikufa baadaye.

Joto huzidisha hatari, hasa maji yakipita nyuzi 27 hivi za Selsiasi. Samaki huhitaji oksijeni zaidi wakati uleule maji yanapokuwa nayo kidogo: maji ya nyuzi 10 huweza kubeba takriban miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8. Mchana wa jua kali, samaki yuleyule na mvuvi yuleyule, matokeo ni tofauti.

"Mdomo wake ni mpini."

Nusu ya kweli. Meno ya besi ni madogo, ya kukwaruza tu, hivyo kidole gumba huingia kinywani bila jeraha. Akining'inia wima, kichwa juu, samaki wa kilo moja hana shida kubwa. Balaa huanza pale mvuvi anapolikunja taya kwa mkono mmoja ili samaki alale na ubavu uonekane vizuri. Uzito wote hutua kwenye maungo ya taya na kano zake. Na besi hula kwa kupanua kinywa ghafla na kufyonza windo pamoja na maji. Taya likiteguka, njaa inamngoja.

Ukitaka alale, mkono wa pili ukae chini ya tumbo, karibu na pezi lililo nyuma ya njia ya haja. Kwa anayezidi kilo mbili, mimi ningetumia mikono miwili hata akiwa wima. Wanaoona huo ni woga wajaribu kufikiria uzito wao wote ukiwa kwenye taya.

"Mshike kwa kitambaa asiponyoke."

Utelezi unaokukera ndio ngozi yake ya nje. Ute huzuia vijidudu na husaidia mwili kudhibiti maji na chumvi. Taulo, glavu kavu, zulia la boti lililookwa na jua, mchanga wa ufukweni: vyote huufuta. Lowesha mikono kwanza, na chochote atakacholazwa juu yake. Wavu wa nailoni wenye mafundo hukwangua magamba na kuchana mapezi. Wenye nyuzi zilizofunikwa kwa mpira, usio na mafundo, ni bora mara nyingi.

"Mtundike tu kwenye mizani, ni sekunde moja."

Kuna watu hupitisha ndoana ya mizani chini ya kifuniko cha matamvua. Matamvua ni vinyuzi laini vilivyojaa damu, ndiyo mapafu yake; ndoana ikigusa humo, damu inatoka na mara nyingi habari imekwisha. Kutoboa taya la chini kwa ndoana hiyo ni afadhali kidogo, lakini samaki akijitikisa tundu hupanuka. Kibanio cha mdomo hakitoboi, ila kwa samaki mzito kinarudisha palepale pa taya kubeba kila kitu.

Njia safi ni mfuko wa kupimia, au wavu wenyewe. Uloweshe, utundike mtupu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha muingize samaki angali majini na umnyanyue akiwa amelala. Anayepima wavu mkavu halafu akaunyanyua umelowa anajiongezea gramu za bure, na nashuku samaki wengi wa kujivunia wamenenepa kwa njia hiyo.

Tena si lazima mizani. Pima urefu wake na mzunguko wa kiwiliwili mahali palipo pana zaidi, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 29: unapata gramu kwa makadirio. Besi wa sentimita 50 mwenye mzunguko wa 38 hukaribia kilo mbili na nusu.

"Picha haichukui muda."

Picha yenyewe haichukui. Kinachochukua ni kutafuta simu, kufuta kioo, kugeuza kofia, kumwita mwenzako, kisha "moja tena". Nje ya maji vinyuzi vya matamvua hugandamana na oksijeni haiingii. Jaribio la Kanada lililochapishwa 1992 kwa trauti upinde wa mvua waliochoshwa kabisa lilikuwa na matokeo makali: kati ya wasiotolewa majini asilimia 12 walikufa, waliokaa hewani sekunde 30 asilimia 38, waliokaa dakika nzima asilimia 72. Besi ni mgumu kuliko trauti, kwa hiyo tarakimu hizo si zake, lakini mwelekeo ni uleule.

Mwache samaki ndani ya wavu, wavu ndani ya maji, mpaka kamera iwe tayari na mpigapicha yuko mahali pake. Chuchumaa karibu na maji ili akiponyoka asianguke mbali. Akinyanyuliwa, bana pumzi yako. Ukianza kuhangaika, naye amekwisha hangaika zamani. Picha ya samaki akiwa nusu majini huvutia pia, ingawa haimfanyi aonekane mkubwa kama ile ya mikono iliyonyooshwa mbele ya kamera. Hilo nalo kila mvuvi analijua.

"Msukume mbele na nyuma apumue."

Maji huingia kinywani na kutoka kwenye matamvua. Ukimvuta nyuma unayageuza. Besi husukuma maji kwa kinywa chake mwenyewe, hivyo mshike mgongo juu na tumbo chini, mkao wake wa kuogelea, kichwa kielekee mkondo kama upo, na umwachie akianza kujitutumua. Kumrusha kutoka juu ili "azinduke" hakuna faida yoyote.

Ndoana iliyomezwa? Ikiwa imeshika kooni, kukata mshipi karibu nayo mara nyingi huokoa kuliko kuing'oa kwa nguvu. Samaki wengi huja kuitema. Ila usiamini kwamba itaoza kwa siku mbili tatu, hasa ya chuma kisichoshika kutu. Na anayeelea ubavu baada ya kuvutwa kutoka kina kirefu si mchovu tu: kibofu chake cha hewa kimevimba, na hana mrija wa kuitoa. Sindano mikononi mwa asiyejua hutoboa viungo vingine. Kumshusha haraka kwa uzito mpaka kina chake ni salama zaidi.

"Mrudishe popote, ziwa ni lilelile."

Si wakati wa kutaga. Dume ndiye hulinda kiota, na akiondolewa, samaki wadogo huvamia mayai ndani ya dakika chache. Kumbeba ng'ambo kwa ajili ya mandhari nzuri ya picha kunaweza kugharimu kizazi kizima.

"Bila kumuua hakuna rekodi."

George Perry alivua besi wa kilo 10.09 huko Georgia, Marekani, mwaka 1932, na samaki huyo aliliwa nyumbani. Manabu Kurita alimfikia 2009 katika Ziwa Biwa, Japani, kwa kilo 10.12, tofauti ni ndogo mno kwa kanuni za IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi, hivyo wanashikilia rekodi ya dunia pamoja. Lakini tangu 2011 IGFA ina rekodi za urefu pia: samaki hulazwa juu ya kipimo rasmi, hupigwa picha, kisha lazima aachiliwe akiwa hai.

Sheria ya mahali hutangulia hayo yote. Hukohuko Biwa, ambako besi ni mgeni anayewala samaki wenyeji, kanuni ya mkoa wa Shiga inakataza tangu 2003 kumrudisha majini, na kando ya ziwa yamewekwa masanduku ya kuwakusanyia.