Je, wajua kwa nini udongo wa ngazi za mito ya Rungwe umejaa mawe lakini ni mwepesi kama unga?

Ukiteremka kutoka Tukuyu, mji wa Rungwe kusini-magharibi mwa Tanzania, kufuata kijito chochote kinachomwaga maji yake Mto Kiwira, utayaona mashamba yaliyokaa juu ya viwanja tambarare ubavuni mwa bonde. Maji yananguruma huko chini, na shamba liko mita kadhaa juu yake, limelala kama meza. Wataalamu wa ardhi huviita viwanja hivyo matuta ya mto. Mimi nitaviita ngazi, maana tuta kwa mkulima wa viazi ni kitu kingine kabisa.

Kwenye ngazi moja ya namna hiyo nilimkuta mama akipalilia migomba. Kila akipiga jembe mara tatu, mara moja linagonga jiwe. Mawe aliyokwisha kuyatoa aliyarundika pembeni, rundo linanifika kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua mawe?"

Nilipomwambia nimekuja kuangalia udongo, alichota bonge jeusi akanitia mkononi. Nilitegemea uzito, nikaukosa. Bonge la ukubwa wa embe lilikuwa jepesi kama mkate. "Nimelima hapa tangu nimeolewa," alisema, "na mpaka leo sijajua kama ni udongo mzuri au mbaya. Ndizi unazikubali. Mahindi nikiyawekea mbolea ya kupandia, ni kama nimeimwaga mtoni."

Maswali hapa ni mawili, mawe yanatoka wapi na kwa nini udongo ni mwepesi na unameza mbolea, lakini jibu linaanzia sehemu moja: mawe yale na udongo ule havikufika shambani kwa njia moja.

Tuanze na mawe. Ukiyatazama rundoni, mengi ni ya mviringo na hayana kona. Jiwe likibomoka mlimani huwa na ncha. Likiwa duara maana yake limebiringishwa na maji na kusuguana na wenzake kwa muda mrefu. Kwa hiyo shamba la mama huyu liliwahi kuwa sakafu ya mto. Mto ukiletewa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake, huutua, na sakafu yake hupanda. Mzigo ukipungua, maji yaleyale huanza kuchimba tena kwenda chini, na sakafu ya zamani hubaki inaning'inia pembeni. Hiyo ndiyo ngazi. Yakijirudia mara mbili, unapata ngazi mbili, na ya juu ndiyo ya zamani zaidi.

Mzigo huo Rungwe haujawahi kuwa haba. Mlima Rungwe wenyewe ni volkano, Ngozi yenye ziwa ndani ya kreta yake ni volkano, na Kyejo pia. Mlipuko mkubwa wa Rungwe tunaoujua vizuri ulitokea miaka kama 4,000 iliyopita. Wanajiolojia walioupima unene wa majivu yake wamegundua jambo la ajabu: siku hiyo upepo ulikuwa umetulia. Safu ya moshi na mawe ilipanda angani zaidi ya kilomita 30, halafu mvua ya majivu ikaanguka pande zote badala ya kupeperushwa upande mmoja. Ngozi nayo ililipuka tena ndani ya miaka elfu moja iliyopita, ambayo kwa umri wa milima ni jana jioni.

Fikiria masika ya kwanza baada ya mlipuko kama ule. Miteremko yote imefunikwa majivu na kokoto nyepesi, nyasi hakuna, mizizi ya kushika hakuna. Kila mvua inasomba. Vijito vinageuka uji mzito unaobeba hata miamba. Mawe yanatua kwanza, majivu yanajaza nafasi kati yake, mengine yanaendelea kushuka kutoka juu mlimani miaka na miaka. Ndiyo maana jembe la mama linagonga jiwe likiwa ndani ya unga.

Sasa huo unga. Majivu ya volkano si majivu ya mekoni. Ni vumbi la kioo. Mwamba ulioyeyuka ukirushwa hewani hupoa ghafla, chembe zake hazipati muda wa kujipanga kuwa fuwele, zinaganda shaghalabaghala. Kitu kilichoganda hivyo hakidumu. Ukikinyeshea mvua ya Tukuyu, ambayo kwa mwaka huvuka milimita 2,000, kioo hicho huoza upesi kuliko mwamba wa kawaida. Kinachozaliwa humo si ule mfinyanzi wa kufinyangia vyungu, ambao chembe zake ni bapa na zimepangana kama karatasi. Kinazaliwa kitu kinachoitwa alofani: vimpira vyenye uwazi ndani na vitundu ukutani, kila kimoja kikiwa na upana wa kama sehemu tano za milioni za milimita. Udongo uliojengwa kwa vimpira vitupu utakuwaje mzito?

Ndipo wanasayansi walipoweka kipimo. Kipande cha udongo huu kikikatwa bila kuvurugwa na kukaushwa, lita moja haizidi gramu 900. Udongo wa kawaida wa shambani huwa kati ya gramu 1,200 na 1,500. Pengine ndiyo maana mgeni akibeba bonge la Rungwe hudhani ameshika samadi.

Kuna jaribio ambalo halihitaji mizani. Chukua udongo mbichi, usugue kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mwanzoni unajiona kama umeshika kitu kikavu kiasi. Endelea kukandamiza. Ghafla unalegea, unateleza kama sabuni, na vidole vinalowa. Maji yalikuwamo muda wote, yamejificha ndani na katikati ya vimpira. Umevivunja mpangilio, yakatoka. Mama alifanya hivyo mara mbili, akacheka, akamwita mjukuu wake naye ajaribu. Tabia hiyohiyo ndiyo inayoiponza miteremko: udongo uliotulia vizuri ukitikiswa au ukikatwa vibaya na barabara huweza kulainika na kuporomoka. Na ndiyo inayoisaidia migomba kiangazi, kwa kuwa maji hayo hutoka polepole.

Vimpira hivyo vina upande wa pili. Vina eneo kubwa mno la ngozi, mamia ya mita za mraba katika gramu moja ya alofani, na ngozi hiyo imejaa aluminiamu inayoipenda fosfeti, yaani fosforasi kama mmea unavyoinywa, kupita kiasi. Ukiweka DAP, mbolea ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi, nitrojeni yake mmea unaipata, lakini sehemu kubwa ya fosforasi hudakwa na udongo kabla mzizi haujafika. Udongo wa aina hii hupimwa kabisa kwa ulafi wake: unaostahili jina kamili hushika asilimia 85 au zaidi ya fosfeti uliyoipa maabara. Mama hakuwa anatia chumvi. Mbolea yake haikwenda mtoni, lakini kwa mahindi ni kama ilikwenda.

Ufanye nini? Usiimwage shamba zima. Iweke kwenye shimo la mbegu, karibu na mzizi, udongo wa kuigusa uwe mchache. Tia na samadi au mboji, maana vitu vilivyooza hukalia zile nafasi ambazo fosfeti ingenaswa. Rangi nyeusi ya udongo huu yenyewe ni mboji iliyoshikwa na aluminiamu ikakataa kuoza, ndiyo maana Rungwe unachimba shimo refu na bado ni nyeusi.

Weusi huo ndio ulioupa jina. Udongo huu huitwa Andosoli, kutoka maneno ya Kijapani *an*, giza, na *do*, udongo. Wamarekani waliokuwa wakipima ardhi ya Japani walianza kulitumia mwaka 1947. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, Andosoli ni kundi moja kati ya 32. Wamarekani wana mfumo wao wenye makundi 12, nao huuita Andisoli. Zamani waliuweka kama tawi tu la kundi la udongo mchanga kwa umri, mpaka mtaalamu wao Guy Smith alipopendekeza mwaka 1978 upewe nyumba yake.

Hapa ndipo shamba la mama linapokuwa mtihani mtamu. Limeletwa na mto, je, si udongo wa mto? Limejaa mawe, je, si udongo wa mawe? Mfumo wa kimataifa hujibu kwa foleni: unauliza swali la kwanza, likikataa unakwenda la pili. Mapema kwenye foleni wapo Leptosoli, udongo wa mawe matupu au mwembamba juu ya mwamba, lakini ili uingie humo kwa sababu ya mawe, sehemu laini, yaani udongo wenyewe bila mawe, lazima iwe chini ya asilimia 20. Hapa ipo zaidi. Andosoli wanafuata baadaye, na udongo wa mto, Fluvisoli, wako karibu na mwisho. Kwa hiyo udongo ukiwa na tabia za majivu ya volkano, hauulizwi tena kama ulikuja kwa maji. Nakubaliana nao. Mkulima anahangaika na ulafi wa fosfeti, si na historia ya mto.

Mawe hayasahauliki, ila yanakuwa jina la pili. Yakifika asilimia 40 ya ujazo kwa kina cha mita moja, udongo huongezewa sifa inayotokana na neno la mifupa. Wamarekani wao huanza kuihesabu mifupa hiyo kwenye asilimia 35.

Tatizo liko maabara. Kila sampuli ikifika huchekechwa kwa chekecheo lenye matundu ya milimita 2, na kinachobaki juu hutupwa. Majibu yote unayoletewa ni ya sehemu laini peke yake. Ikiwa mita moja ya udongo safi ingekutunzia milimita 200 za maji, na nusu ya shamba lako ni mawe magumu, unazo 100. Kiangazi ndicho kitakachokuonyesha tofauti.

"Kwa hiyo mawe yangu hayahesabiwi?" mama aliuliza.

Tukaamua kuyahesabu. Tulichimba, tukajaza ndoo ya lita 20, tukachekecha kwa wavu wa fundi ujenzi. Mawe tukayatumbukiza kwenye ndoo nyingine yenye maji tuliyoyapima, tuone yatapandisha maji kiasi gani. Yalipandisha lita saba. Saba kwa ishirini ni asilimia 35, na kwa kuwa udongo ukichimbwa huvimba, ardhini lazima yawe zaidi. Kwa Wamarekani keshavuka. Kwa mfumo wa kimataifa yuko mlangoni.

Isipokuwa mawe manne hayakuzama. Yalikuwa ya kijivu, yamejaa vitundu, yanaelea kama vifuu. Hayo si mawe magumu kama wenzake. Ni povu la volkano lililoganda. Jiwe la namna hiyo hunywa maji na kuyatunza, kwa hiyo kulihesabu pamoja na jiwe gumu ni kulionea, na Wamarekani hulitengea jina lake pale linapozidi mengine. Mama alilisukuma moja chini kwa kidole. Likaibuka. Akalisukuma tena, likaibuka tena.

"Hili silirudishi rundoni," alisema akilikung'uta maji. "La kusugulia miguu."