Ukosoaji wa kujenga, na ile "-oa" inayosahaulika

Ukosoaji wa kujenga ni kumwonyesha mwenye kazi kasoro ilipo, chanzo chake na namna ya kuiondoa, wakati kazi yenyewe bado inaweza kubadilishwa. Maana ndiyo hiyo, haina mengi. Ila mtu akileta remiksi yake ya roki ya muziki wa gemu za zamani na kuomba akosolewe kwa kujenga, hupata majibu ya aina mbili. La kwanza: "moto sana kaka, endelea hivyohivyo." La pili: "gitaa limezidi, sijaipenda, lakini usichukie, nakosoa kwa kujenga." Hilo la kwanza ni pongezi. La pili ni lawama iliyopakwa asali.

Tuanze na neno lenyewe, maana limeonewa sana. Kosoa limetoka kwenye kosa kwa kiambishi kilekile kinachofanya funga iwe fungua, ziba iwe zibua na choma iwe chomoa. Walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendua: kitendo kinarudishwa kilikotoka. Irabu ya mzizi ikiwa o, kiambishi nacho hugeuka o, ndiyo maana hatusemi "kosua". Basi aliyekosa ameliweka kosa, na anayekosoa analitoa. Mtu aliyesimama nje akasema "mlango umefungwa" hajafungua kitu, hata kama amesema kwa sauti ya upole.

Kwa mzizi huo, "kujenga" lilikuwa tayari ndani ya kosoa. Tumelibandika juu kwa sababu kosoa limechakaa midomoni, likawa sawa na kusema vibaya. Sasa nyongeza nayo imeanza kuchakaa: watu wanadhani kujenga ni adabu ya sauti. Adabu ni jambo zuri, lakini remiksi haibadiliki kwa kuambiwa kwa adabu kwamba ni mbaya.

Kuna neno jingine linalochanganywa hapa, nalo ni uhakiki. Hakiki ni ndugu wa haki na hakika, neno la Kiarabu, na kazi yake ni kupima ukweli na thamani ya kitu. Mhakiki huzungumza na wasikilizaji kuhusu kazi iliyokwisha: isikilizwe au iachwe. Mkosoaji huzungumza na fundi ambaye faili lake bado liko wazi. Kumwandikia fundi uhakiki ilhali ameomba kukosolewa ni kumhukumu mpishi chungu kikiwa bado jikoni.

Kasoro moja inajirudia sana kwenye remiksi hizi. Chipu ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ina chaneli 5: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Kwa ufinyu huo, watunzi mara nyingi walivunja kodi, yaani noti kadhaa, kwa kawaida tatu, zinazopigwa pamoja (hizi za muziki, watoza ushuru wa TRA hawahusiki), wakapiga noti zake mojamoja kwa kasi hadi sikio lizisikie kama zimepigwa pamoja. Mtu wa roki anazikusanya noti zote tatu, anazipiga kwenye gitaa moja lenye distoshoni kali (ule mkwaruzo wa sauti ya roki), na sauti inakuwa uji. Kusema "gitaa halisikiki vizuri" ni kweli, ila kosa bado liko palepale. Kukosoa ni hivi: "Kuanzia 0:48 kodi zinavurugika. Noti zikipita pamoja kwenye distoshoni huzaa sauti nyingine kutokana na jumla na tofauti za masafa yao, na noti ya tatu ya kodi (tatu kwa kuhesabu ngazi za skeli kuanzia noti ya mzizi, ambayo ndiyo ya kwanza) ndiyo inayoleta ugomvi. Gitaa za mdundo zipige noti ya kwanza na ya tano tu. Ya tatu irekodi peke yake kwenye traki nyingine, na distoshoni yake iwe ya peke yake. Au punguza geini, yaani ukali wa distoshoni, hadi nusu kisha usikilize tena." Fundi ana kitu cha kufanya usiku huohuo.

Vivyo hivyo kwa "remiksi imebanana". Mara nyingi gitaa la kushoto ni nakala ya la kulia, na nakala mbili zilizo sawa hukutana katikati zikawa kitu kimoja. Dawa ni kupiga sehemu hiyo mara ya pili kwa mkono, si kunakili. "Dramu za roboti" nazo zina sababu: kila pigo limeandikwa kwa nguvu 127, kiwango cha juu kabisa cha MIDI, lugha ambayo kompyuta na ala hutumia kupashana noti. Mwambie ashushe mapigo mengi hadi kati ya 90 na 115, ya mkono dhaifu yawe chini zaidi, na ahakikishe hakuna mahali mpiga dramu anahitaji mkono wa tatu. Besi inasahaulika kuliko vyote. Kwenye gemu nyingi za enzi hizo ile chaneli ya pembetatu, ndiyo iliyopiga besi, ilitembea kama melodi ya pili, na remiksi ikiibakiza noti ya mzizi pekee, chini ya gitaa, nusu ya utunzi imepotea.

Kwa hiyo, ndugu uliyeandika "gitaa limezidi", sikio lako halikukosea. Limezidi kote, au pale tu melodi inapoingia? Kama ni pale tu, mwambie apunguze gitaa za mdundo desibeli 2 au 3 karibu na masafa ya 2 kHz kwenye kipande hicho, kabla hajagusa sauti ya jumla. Ukishaandika hivyo, lile "nakosoa kwa kujenga" unaweza kulifuta.