"Sijaiona Popote" Si Hoja ya Hataza

Juma lililopita nimeisikia kauli hiyo kwa mara ambayo sina hesabu yake tena. Mimi ni wakala wa hataza, yaani haki ya pekee anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Mteja wangu, mhandisi kijana aliyesomea elektroniki na ambaye sasa ana meza ya ufundi simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliniwekea mbele yangu barua ya mchunguzi wa hataza iliyokunjwa mara nne, akasema: "Dada, nimezunguka Kariakoo yote, nimetafuta mtandaoni miezi mitatu, kitu hiki sijakiona popote. Sasa huyu anakataa nini?" Nilimwagizia chai kwanza, maana jibu la swali hilo halimaliziki kabla chai haijapoa. Jioni nikaona afadhali niliandike, ili atakayekuja na kauli ileile alisome kabla ya kupanda ngazi za ofisi yangu. Uvumbuzi nitakaoueleza nimeuunda kwa kuchanganya majalada kadhaa, kwa kuwa siri ya mteja ni siri. Hoja zenyewe nimeziacha kama zilivyo.

Neno "popote" katika fani yetu ni pana kuliko mtu anavyodhani. Chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, inayotumiwa na ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu, kuchunguza maombi yanayoitaja Tanzania, uvumbuzi si mpya ikiwa umekwisha kuwekwa wazi mahali popote duniani kabla ya tarehe ya ombi. Itifaki haisemi kwamba lazima uwe umeuzwa, wala kwamba lazima uwe umetengenezwa. Tasnifu ya mwanafunzi iliyowekwa kwenye rafu ya maktaba ya chuo huko Osaka inatosha, hata kama haijaazimwa na mtu. Ombi la hataza la Korea Kusini lililokwisha kuchapishwa, ambalo mwenyewe alilitelekeza kwa kutolipa ada linatosha. Hata maneno ya mvumbuzi mwenyewe yanatosha: mwaka 2013 Mahakama ya Hataza ya Ujerumani, mjini Munich, iliifuta hataza ya Apple iliyohusu namna picha inavyodunda inapofika ukingoni mwa skrini, na ushahidi uliowaangusha ulikuwa video ya Steve Jobs akiionyesha huduma hiyo jukwaani Januari 2007, miezi kadhaa kabla ya ombi kuwasilishwa. Marekani humpa mvumbuzi msamaha wa mwaka mmoja kwa yale aliyoyafichua mwenyewe. Ulaya haina msamaha wa namna hiyo. Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kupeleka kifaa chake Sabasaba "apate kwanza maoni ya wananchi", humpigia simu hata kama ni saa nne usiku.

Zaidi ya hapo, ipo sehemu ya "popote" ambayo hakuna jicho linaloifikia. Ombi la hataza kwa kawaida hukaa siri kwa miezi 18 tangu tarehe yake ya kwanza, kwa hiyo mtu wa Seoul aliyewasilisha ombi lake miezi sita kabla yako yuko mbele yako kwenye foleni, na wewe utaendelea kuapa kwamba uko peke yako hadi siku chapisho lake litakapotoka.

Hayo ni ya upya, na upya ndio mtihani mwepesi. Kinachonichosha ni kwamba mteja wangu alikuwa sahihi: uvumbuzi wake ulikuwa mpya, mchunguzi mwenyewe alikiri hivyo katika aya ya pili ya barua, na bado ombi lilipingwa. Ili nieleze kwa nini, itabidi tuingie ndani ya kioo cha simu, maana uvumbuzi wenyewe uko humo.

Katika paneli ya OLED, aina ya kioo kinachotumika kwenye simu, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, hutoa mwanga wake yenyewe, kutoka tabaka za kikaboni ambazo zote kwa pamoja ni nyembamba kuliko mikromita moja, na maadui wa tabaka hizo ni unyevu na oksijeni. Zamani ilitosha kuziba paneli pembeni. Simu zilipoanza kutobolewa tundu la kamera ndani ya eneo la picha, mpaka ule wa pembeni ukahamia katikati: tabaka iliyotandazwa paneli nzima hukatwa pale tundu linapotobolewa, na ukingo uliokatwa huvuta unyevu ndani kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Jibu linalojulikana sana kwenye fani ni kuchimba mfereji mwembamba kulizunguka tundu, wenye kuta zilizolika kwa chini kama kingo za mto, ili tabaka ya kikaboni inapotandazwa kwa mvuke ikatike kwenye ukingo ule na unyevu ukose daraja la kuvukia. Kisha tabaka ya kuziba, ambayo si ya kikaboni, hupita juu ya yote na kushuka hadi ndani ya mfereji.

Mteja wangu, ambaye kazi yake ya kila siku ni simu zilizotumbukia maji, aliongeza kitu kimoja: ndani ya mfereji aliweka oksidi ya kalisi, yaani chokaa ambayo haijazimwa, ifyonze unyevu wowote utakaopenya. Dai la kwanza la ombi, yaani sentensi inayoweka mipaka ya kinacholindwa, likasomeka hivi, kwa tafsiri yangu: "Paneli ya onyesho yenye tundu, mfereji unaolizunguka tundu hilo, na dutu ya kufyonza unyevu iliyomo ndani ya mfereji."

Mchunguzi alileta nyaraka mbili zilizotangulia ombi letu. Ya kwanza ina tundu na mfereji, lakini haina chokaa. Ya pili ni ya zamani, inaonyesha dutu ya kufyonza unyevu ikiwa imewekwa pembeni mwa paneli ya OLED, lakini haina tundu. Kwenye ripoti ya upekuzi, inayoorodhesha nyaraka alizozipata mchunguzi, zote mbili zimepewa herufi Y. Mteja alizisoma, akapiga meza: "Unaona, dada? Hakuna hata moja yenye vyote!" Ndugu yangu, ndiyo maana zimepewa Y. Waraka ambao peke yake unaliangusha dai hupewa X. Ule unaoliangusha ukiunganishwa na mwenzake hupewa Y. Ule wa kueleza tu mazingira ya fani hupewa A. Herufi hiyo moja imeshagharimu wateja wangu hasira nyingi kuliko ada zote, kwa sababu wanaisoma kana kwamba mchunguzi amedai kukiona kitu chao, ilhali anachodai ni kwamba kitu chao hakikuhitaji mvumbuzi.

Huo ndio mtihani wa pili, unaoitwa hatua ya uvumbuzi. Anayeupima si mchunguzi kwa nafsi yake, bali kiumbe wa kufikirika aitwaye mtaalamu wa kawaida wa fani, ambaye amesoma kila kilichochapishwa kwa Kijapani, Kikorea na Kichina, hasahau, hachoki, halali, ila hakujaliwa hata chembe ya ubunifu. Kiumbe huyu akipewa waraka wa kwanza na tatizo la unyevu, je, angefikia kwenye paneli ya mteja wangu? Wachunguzi wa Ulaya husisitiza kwamba swali si kama angeweza kufika, kwa kuwa mtu asiyesahau chochote anaweza kufika popote, bali kama angefika, yaani kama kuna jambo katika maarifa yaliyotangulia ambalo lingemsukuma aende huko. Marekani iliwalegezea kamba wanaopinga hataza mwaka 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu kanyagio la gari, Mahakama ya Juu ya huko iliposema kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ileile na matokeo yakiwa yanayotarajiwa, kwa kawaida si uvumbuzi. Aliyefunga mwavuli kwenye bodaboda ana kitu kipya, lakini ikiwa mwavuli unaendelea kuzuia mvua na bodaboda inaendelea kwenda, na hakuna la tatu lililozaliwa, basi hana hatua ya uvumbuzi.

Swali nililomwuliza mteja, kwa hiyo, lilikuwa hili: mfereji na chokaa vilipokutana, kilizaliwa nini? Alifikiri kidogo, akasema kilizaliwa kioo kisichoingia maji. Hapana, hicho ndicho kila kimoja kilikuwa kikifanya tangu zamani.

Nikarudi kwenye maelezo ya ombi. Kwenye ukurasa wa saba kuna sentensi moja, imejibanza kati ya aya mbili ndefu, isemayo kwamba mfereji hujazwa hadi nusu ili dutu ipate nafasi ya kuvimba. Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kuona chokaa ya matumbawe ikizimwa anajua kinachotokea: ukiimwagia maji inachemka na kufura. Oksidi ya kalisi inapogeuka hidroksidi, ujazo wake huongezeka takriban maradufu. Pembeni mwa paneli, kama katika waraka wa pili, kuna nafasi ya kutosha na uvimbe huo haumsumbui mtu. Lakini ndani ya mfereji wa mikromita chache, uliofunikwa kwa tabaka ya kuziba iliyo nyembamba na inayovunjika upesi, chokaa iliyojaa ikifura itaipasua tabaka ile kwa ndani, na dawa ndiyo itakuwa imefungua mlango wa ugonjwa. Mtaalamu wa kawaida akiwa na nyaraka zote mbili mkononi angekuwa na sababu ya kuogopa kuziunganisha, na woga huo ndio hoja yetu. Nilipomwuliza mteja kwa nini jambo hilo alilitaja mara moja tu, alinishangaa: "Hiyo? Hiyo si ni akili ya kawaida tu, dada?"

Na hapa sina budi kukiri kwamba aliyeandika dai la kwanza bila ile nusu tupu ni mimi. Mawakala hupenda madai mapana, kwa sababu dai pana likipita huzuia washindani wengi zaidi, na kwa sababu dai linaweza kubanwa baadaye ilhali kulipanua baadaye ni vigumu mno. Huo ni utetezi wa kweli, lakini nusu nyingine ya ukweli ni kwamba nami niliipita ile sentensi bila kuiona, kama alivyoipita yeye.

Mashaka yangu hayaishii hapo. Mchunguzi makini anaweza kunijibu kwamba mtaalamu anayejua chokaa huvimba ataacha nafasi ya kuvimbia, kwa hiyo pana ajabu gani? Ukweli uleule unaotumika kuonyesha woga unatumika pia kuonyesha wepesi wa dawa yake, na vitabu vya mafunzo vinavyoeleza hatua za uchambuzi kama ngazi iliyonyooka havisemi kwamba mara nyingi kila kitu huamuliwa na namna tatizo lilivyoandikwa kwenye sentensi ya kwanza. Ukiandika "tatizo ni kuzuia unyevu", suluhisho liko mbali kidogo. Ukiandika "tatizo ni kuzuia chokaa isipasue mfereji", umekwisha kumpeleka mtaalamu hadi mlangoni na kumkabidhi ufunguo. Kisha kuna lile jicho la baada ya tukio: ukishaonyeshwa paneli iliyokamilika, huwezi tena kuifikiria akili ya mtu ambaye hajaionyeshwa. Wachunguzi wanaonywa juu ya hilo, nasi mawakala tunawakumbusha katika kila jibu, lakini nina miaka mingi katika kazi hii na sijui mtu anavyojisahaulisha kitu alichokwisha kukiona. Nimewahi kuona maombi mawili yanayofanana kama mapacha, moja likapita na lingine likaanguka, nami nikiulizwa sababu nasema ya kusema, si ya kuamini.

Tuliamua kulibana dai: mfereji uliojazwa kiasi, wenye nafasi tupu juu ya dutu. Mteja akataka tuandike "asilimia 40 hadi 60", kwa kuwa majaribio aliyoyafanya nyumbani, kwa chokaa na vipande vya kioo, yanaonyesha hivyo. Haiwezekani, kwa sababu tarakimu hizo hazimo katika ombi lililowasilishwa, na marekebisho hayaruhusiwi kuingiza jambo ambalo halikuwamo siku ile ya kwanza. Tulichonacho ni maneno mawili tu, "hadi nusu", ambayo yana tabu ileile kwa Kiingereza tulichowasilisha ARIPO kama yalivyo nayo kwa Kiswahili: je, dutu ifike nusu, au isizidi nusu? Tukisema ifike, mshindani atajaza theluthi moja na kupita kando yetu akipiga mluzi. Tukisema isizidi, dai litameza hata vumbi la chokaa lililoanguka kwa bahati mbaya chini ya mfereji, na mchunguzi ataanza kutafuta waraka wenye vumbi hilo. Muda wa kujibu barua unaisha mwezi ujao, chai ilishapoa, na mteja ameondoka na nakala ya ukurasa wa saba ili akasome upya, safari hii akitafuta mambo mengine aliyoyaita akili ya kawaida.