Kikao kimekwisha, mbona kichwa bado kinakirudia?

Nilitoka kwenye kikao cha harusi saa tatu usiku. Hadi saa nane nilikuwa macho, nikirudia sentensi moja niliyoisema. Je, ni ugonjwa?

Usiku mmoja wa namna hiyo si ugonjwa. Binadamu anajali nafasi yake mbele za watu, basi akili hurudi kukagua. Tatizo ni kwamba kitandani haipati ushahidi mpya. Inarudia ule ule na kuutia chumvi, mpaka kigugumizi kidogo kinakuwa fedheha.

Lakini niliwaona wakitazamana!

Huenda walitazamana. Sababu ya kutazamana hukuiona, umeijaza mwenyewe. Wewe unajua moyo ulivyokuwa ukienda mbio na neno lililokupotea. Wao walisikia yaliyotoka mdomoni tu. Mwaka 2018 mwanasaikolojia Erica Boothby na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu wasiojuana waliongea wawili wawili, kisha kila mmoja akaulizwa amempenda mwenzake kiasi gani, na anadhani yeye amependwa kiasi gani. Kwa wastani, watu walipendwa kuliko walivyodhani. Linalonigusa ni kwamba wote wawili waliondoka na shaka ile ile, kila mmoja kivyake.

Nijilazimishe kusahau?

Hapana. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, nao wakashindwa kumtoa akilini. Afadhali uchukue karatasi: upande huu andika maneno yaliyosemwa kweli, upande ule yale unayoyadhani. Mara nyingi dhana ndizo zinazojaza ukurasa. Usingizi ukigoma, usigaegae. Inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, simu iache mbali, urudi kulala macho yakiwa mazito.

Nimtumie shangazi ujumbe wa kumwomba radhi?

Kama ulimkosea, mwombe radhi asubuhi, mara moja, kwa maneno machache. Kama unataka tu akuambie "hakuna neno, mwanangu", jizuie. Faraja hiyo haikai. Kesho utaitafuta tena.

Nimwone mtaalamu lini?

Ukianza kukwepa misiba na harusi, kukataa kazi inayotaka kuongea, au kunywa pombe kwanza ndipo uende, usingoje. Hofu ya namna hiyo ikidumu miezi 6 au zaidi, huenda ni tatizo la wasiwasi wa kijamii, nalo linatibika kwa ushauri wa kitaalamu unaobadili fikra na mazoea, wakati mwingine pamoja na dawa. Na ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo hii.