Kukasimu madaraka maana yake nini kwa mwenye biashara

Kukasimu ni kumpa mtu mwingine mamlaka ya kuamua jambo ambalo kwa kawaida ungeliamua wewe. Wengi hulichanganya neno hili na kukaimu, yaani kushika nafasi ya mtu kwa muda. Ukimkasimia muuzaji madaraka ya kubadilisha bidhaa mbovu, hakuna cheo kilichohama. Umehama uamuzi mmoja tu. Wala dhamana haihami. Akikosea, mteja atakudai wewe, na ndiyo sababu wenye biashara wengi hugawa kazi lakini maamuzi hubaki nayo mfukoni.

Chukua mteja aliyerudisha pasi ya umeme iliyokufa siku ya pili. Risiti anayo. Muuzaji anaiona kasoro kwa macho yake, lakini lazima ampigie bosi kwanza, na simu ya bosi inatumika. Mteja anasimama kaunta dakika 20, wengine nyuma yake wanaondoka. Muuzaji huyu amepewa kazi, hakupewa madaraka. Kama angekasimiwa, maagizo yangekuwa hivi: "Bidhaa yenye risiti, iliyorudi ndani ya siku 7 na haikuharibiwa na mteja, badilisha papo hapo bila kuniuliza. Andika namba ya risiti na kasoro kwenye daftari. Zikirudi tatu za aina moja, nijulishe siku hiyohiyo." Humo mna jambo lenyewe, mpaka wake, kumbukumbu, na wakati wa kurudi kwako. Mpaka ndio husahaulika zaidi, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Hujui uanzie wapi? Kwa wiki moja andika kila swali unaloulizwa na wafanyakazi. Lililojirudia mara tatu na jibu lako likawa lilelile, hilo halikuhitaji kufika kwako.

Si lazima uachie yote kwa mkupuo. Mwanzoni mtu achunguze akuletee taarifa. Akiizoea kazi, alete pendekezo. Kisha atende na kukuarifu baadaye, na mwisho atende tu, wewe usome ripoti ya wiki. Mwambie waziwazi yuko ngazi gani, maana anayedhani yuko ya tatu huku wewe ukimhesabia ya pili ataonekana mkaidi bila kosa.

Kukasimu pia si kumtelekeza mtu. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kuunganisha magari akiona kasoro huvuta kamba au kubonyeza kitufe. Kiongozi wa timu huja hapo hapo, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, kazi husimama. Mamlaka ni makubwa, ila msaada uko hatua chache tu.

Mara nyingi mwenyewe ndiye huharibu. Anatengua uamuzi wa msimamizi mbele ya mteja, na kuanzia siku hiyo wateja wote wanamtaka "bosi mwenyewe". Au anaambiwa "kuna tatizo na msambazaji", anajibu "niachie, nitaliangalia". Kwa maneno hayo mawili kazi imemrudia. Afadhali aulize, "Wewe unaonaje?", na asubiri jibu hata likichelewa. Wengine hukabidhi stoo bila ufunguo, au mfumo wa mauzo bila nywila, kisha wanashangaa kwa nini wanasumbuliwa.

Na wizi? Hofu hiyo ina msingi, lakini kumkalia mtu shingoni kutwa hakuuzuii; mwizi hungoja ugeuke. Kinachosaidia ni kutenganisha mikono: anayeagiza mzigo asiwe anayeupokea, na anayeupokea asiwe anayeulipia. Ongeza kuhesabu bidhaa chache bila taarifa, tuseme 10 kila wiki, ukilinganisha na daftari. Biashara ya watu wawili haiwezi kutenganisha yote. Hapo malipo yabaki kwako.

Yako pia mambo ya kubaki nayo: mikopo, viwango vya mishahara, kufukuza mtu, sahihi kwenye hesabu za kodi. Mengine yapitie kila miezi mitatu. Ambaye kumbukumbu zake ziko sawa, mpandishie kikomo. Aliyekosea ndani ya mpaka, mfundishe na umwache aendelee. Aliyevuka mpaka kwa makusudi, mrudishe ngazi moja na umweleze kwa nini.