Zilipendwa ni nini hasa?

Ukumbini Dar es Salaam, usiku wa bendi, mtu akipaza sauti "Pigeni zilipendwa!" hakuna atakayeuliza ni kitu gani kilichopendwa. Ni nyimbo. Ile zi- ya mwanzo ndiyo inayozibeba, -li- inazirudisha nyuma, na -pendwa inamalizia. Kisarufi ni sentensi nzima, ila Watanzania wameigeuza jina. Wakenya hawakuridhika, wakatia kirejeshi: zilizopendwa. Mwalimu wa Kiswahili atawapa wao vema. Mimi bado naona letu linacheza vizuri zaidi mdomoni.

Kwa kawaida neno hili hukusanya muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi 1980: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Marijani Rajabu na Dar International, NUTA Jazz ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa leo ni Msondo Ngoma. Kwa Wakenya utawasikia Fadhili William, Daudi Kabaka na Fundi Konde. Rumba za Kongo nazo zimo, hata kwa asiyejua neno moja la Kilingala.

Lakini uzee peke yake hautoshi. Wimbo wa mwaka 1972 ambao haukumgusa mtu ni wimbo wa zamani, basi. Ili uwe zilipendwa lazima uwe ulipendwa, na hapo ndipo swali linapokuja: ulipendwa na nani, na nani alihesabu?

Uingereza walianza kupanga nyimbo kwa mauzo ya santuri mwaka 1952, na Marekani orodha ya Billboard Hot 100 ilianza 1958. Tanzania hesabu ya mauzo isingesaidia sana, kwa kuwa nyimbo nyingi hazikuuzwa kabisa. Bendi iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi, utepe ukabaki maktaba ya redio, wimbo ukarushwa hewani. Aliyetaka santuri alifuata Nairobi, na kuanzia 1977 hadi 1983 mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa.

Kipimo chetu kilikuwa salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza jina lake na mahali alipo, kisha orodha ya anaowasalimu: baba mdogo wa Kilosa, shemeji wa Tanga, wafanyakazi wenzake wote wa zamu ya usiku. Chini akaandika ujumbe, mara nyingi methali yenye kijembe ndani, na wimbo anaoutaka. Kadi ikaenda kwa posta, naye akakaa na redio wiki nzima akisubiri kusikia jina lake. Mtangazaji aliyesoma kadi za salamu kila siku alijua wimbo gani unavuma kuliko mwenye duka yeyote. Kwa hiyo waliopenda, ambao neno lenyewe haliwataji, ni hao wenye kadi.

Siku hizi neno limetoka kwenye muziki. Simu ya vitufe ni zilipendwa, suruali pana chini ni zilipendwa, na mchumba aliyeachwa naye huitwa hivyo hivyo, kwa kejeli. Mwaka 2017 wasanii wa WCB, akiwemo Diamond Platnumz, walitoa wimbo wenye jina hilohilo, na watoto ambao hawajawahi kuona santuri wakawa wanaliimba.

Mpaka wake nao unasogea. Aliyekua na "Zuwena" ya Marijani hakubali kwamba Bongo Fleva inaweza kuingia humo. Kwake zilipendwa lazima iwe na tarumbeta. Juzi kwenye daladala kijana mmoja, kusikia kibao cha Bongo Fleva cha 2003, akamwambia dereva aongeze sauti, "hizo ndizo zilipendwa zenyewe." Nikanyamaza. Kanda ya wimbo huo ninayo nyumbani, na niliinunua ikiwa mpya.